Maswali ya wasomaji: Somo la afya linalofika chooni, ziwani na bwenini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka mkoani Kigoma, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini mwanafunzi wa sekondari anajua afya kwenye daftari na haifuati akitoka darasani? Waliojibu ni walimu wa sekondari na wahudumu wa afya wanaofanya kazi na shule.

Swali. Habari za kazi. Nafundisha Baiolojia Kidato cha Kwanza na cha Pili. Ukiwauliza wanafunzi wangu kipindupindu kinaeneaje, wanajaza ukurasa na alama wanapata. Wakati wa mapumziko wanatoka chooni na kupita moja kwa moja kwenda kununua maandazi, mikono hanawi mtu. Nawaadhibu, wiki moja wananawa, kisha yale yale. Nifanyeje?
*Mwalimu, Kasulu*

Jibu. Mwalimu, kabla ya kuandaa kipindi kingine nenda kasimame karibu na vyoo kengele ya mapumziko inapolia, ukiwa na saa mkononi. Walimu wengi huanza na neno "ukaidi", na mara nyingi hesabu inawatetea wanafunzi. Kunawa vizuri kwa sabuni, pamoja na kufika na kuondoka, huchukua nusu dakika hivi. Sehemu moja ya kunawia inahudumia wanafunzi 40 kwa mapumziko ya dakika 20. Shule ya wanafunzi 300 inahitaji sehemu nane ili wote wanawe kabla ya kula. Kama mnazo mbili, 220 hawawezi kunawa hata wakitaka, na fimbo haiongezi bomba.

Njia rahisi ya kufikisha nane ni vibuyu chirizi, yaani vidumu vya maji vinavyoning'inia na kuinamishwa kwa mguu. Kila kimoja kinataka kidumu cha lita 5 chenye kifuniko, fito mbili zenye panda za urefu wa mita 2, fito moja ya kulaza juu, kamba, kijiti cha kukanyagia na msumari. Chimbia fito nusu mita, ziachane kama sentimita 70. Pasha msumari moto, utoboe kidumu sentimita 10 hadi 12 chini ya mdomo, upande ulio kinyume na mkono wa kushikia. Kitundu kimoja kinatosha. Pitisha fito ya juu kwenye mkono wa kidumu, funga kamba shingoni na uiunganishe na kijiti kilichoinuka kidogo kutoka ardhini. Maji yajazwe yaishie chini ya kitundu, la sivyo yatavuja yenyewe mpaka mapumziko yafike kidumu kikiwa kitupu. Pale maji yanapoangukia, chimba shimo fupi ulijaze kokoto. Bila kokoto panakuwa tope ndani ya siku chache, na wenye viatu vyeupe hawatasogea tena.

Mambo matatu huviua vibuyu chirizi mashuleni. La kwanza ni kitundu kikubwa: anayenawa anamaliza nusu lita badala ya robo, na kidumu kinahudumia wanafunzi kumi tu. La pili ni sabuni kupotea. Toboa kipande cha sabuni ya mche katikati ukifunge kwa kamba, au tumia maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga, kama vijiko vitatu vya chakula, kwenye chupa ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Hakuna mwanafunzi atakayeiba maji ya sabuni. Sabuni ikiisha kabisa, majivu safi yanafaa kuliko maji matupu. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kujaza maji. Ukisema "darasa la zamu lijaze", hakuna anayejaza. Andika majina mawili kwa kila kidumu, yabadilike kila Jumatatu, na mwalimu wa zamu akague dakika kumi kabla ya mapumziko, si baada. Kwa wanafunzi 300 wanaonawa mara mbili kwa siku, kila mmoja akitumia robo lita, andaeni lita 150. Hizo ni ndoo saba na nusu za lita 20, na lazima ijulikane asubuhi zitatoka wapi.

Sasa kipindi chenyewe. Mwanafunzi mmoja apake kijiko cha chai cha mafuta ya kula mikononi, kisha asugue juu yake mkaa uliosagwa laini. Anawe kwa maji matupu sekunde tano, awaonyeshe wenzake. Anawe tena kwa sabuni sekunde 20, awaonyeshe. Weusi utabaki kwenye kucha, katikati ya vidole na mgongoni mwa kidole gumba, na hapo darasa lenyewe litakuambia ni sehemu gani watu huzisahau. Fanya hivi kabla hujaandika neno "vimelea" ubaoni.

Mfano wa kuwaeleza mnao karibu. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichofurika maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, maji na vyoo vikiwa vimezidiwa. Waulize wanafunzi ni kitu gani kingewekwa kwanza pale, na kwa nini. Kisha watengeneze maji ya chumvi na sukari kwa mikono yao: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Wengi hubadilisha vipimo, chumvi sita na sukari nusu, na maji hayo yanaweza kumuua mtoto. Waonje: yasizidi chumvi ya machozi. Wajue pia kwamba pakiti ya dawa ya kuhara kutoka zahanati ndiyo ya kwanza kutafutwa, na waisome kabla ya kuichanganya, kwa sababu zipo za lita moja na zipo za nusu lita.

Swali. Shule yetu iko mwambaoni. Kila muhula tunawakataza wanafunzi kuingia ziwani kwa ajili ya kichocho, na kila jioni wamo majini. Tubadilishe nini?
*Mwalimu wa malezi, Wilaya ya Uvinza*

Jibu. Iacheni marufuku hiyo, mwalimu. Familia inayochota maji ziwani, inayofua ziwani na kuishi kwa dagaa na migebuka haiwezi kuitii, na mwanafunzi akiona ushauri mmoja hautekelezeki anaupuuza na mwingine uliokuja pamoja nao. Fundisheni mahali, saa na muda.

Mahali: konokono wanaobeba kichocho cha tumbo ni wadogo, bapa, wamejiviringisha, na hupenda maji yaliyotulia penye majani na matete. Ghuba tulivu na midomo ya vijito ni hatari kuliko ufukwe wa mchanga unaopigwa mawimbi, ingawa hakuna sehemu ya kuhakikishia mtu. Wapelekeni wanafunzi wachore ramani ya ufukwe wao, wakiweka alama penye majani, penye watu wanaofua na penye njia za kwenda haja. Wasiingie majini na wasiokote konokono kwa mikono mitupu. Kichujio kilichofungwa kwenye mti mrefu kinatosha. Ramani hiyo ikibandikwa ukutani itasomwa na kubishaniwa, maana kila mmoja ana mahali pake anapopatetea.

Saa: viluwiluwi vya kichocho humtoka konokono kwa mwanga wa jua, na huwa vingi zaidi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Asubuhi mapema ni afadhali kwa kuchota maji. Afadhali tu, kwa sababu vikishatoka vinaweza kuishi majini hadi siku mbili, na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Ndiyo maana ndoo mbili zinasaidia: maji yaliyochotwa leo yafunikwe yakae siku mbili ndipo yaogewe, ndoo nyingine ikitumika. Chujeni kwa kitambaa wakati wa kuchota, kwa sababu konokono mmoja aliyeingia ndooni ataendelea kuvitoa humo humo. Ya kunywa yachemshwe.

Sasa jambo linalopotea darasani. Picha ambayo wanafunzi wengi wanayo ni ya mtu anayekojoa damu. Hicho ni kichocho cha kibofu. Cha Ziwa Tanganyika ni cha tumbo: tumbo kuuma, kuharisha mara kwa mara, damu kwenye choo kikubwa, na kwa miaka ini na bandama kuvimba. Mwanafunzi anayetazama mkojo wake ukiwa safi anajiona mzima na haendi kupimwa. Mwambieni waziwazi kwamba zahanati itahitaji choo kikubwa, na kwamba mayai ya minyoo ya kichocho huonekana wiki tano hadi nane baada ya maambukizi, kwa hiyo kipimo cha mapema mno kinaweza kumdanganya.

Dawa ni prazikwanteli. Hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na katika kampeni hutumika fimbo ya kupima urefu badala ya mizani. Mwenye kilo 45 anapata vidonge vitatu vya miligramu 600. Lazima awe amekula. Wanafunzi wakimeza na njaa, kizunguzungu na kutapika vinazidi, mmoja akianguka wenzake wanakimbia, na jioni wazazi wanakuja shuleni kuuliza watoto wamepewa sumu gani. Uji upikwe siku hiyo, na barua ya maelezo ifike nyumbani siku chache kabla. Kampeni hizi zimelenga zaidi shule za msingi, kwa hiyo sekondari isisubiri kukumbukwa: mkuu wa shule aandike kwa mganga mkuu wa wilaya aombe utaratibu wa wanafunzi wake. Dawa haiui minyoo michanga, na haimkingi mtu anayerudi kwenye maji yale yale.

Swali. Mimi ni matroni wa bweni. Wasichana wanafundishwa hedhi darasani, lakini vitambaa wanavikausha chini ya magodoro na pedi zinaziba vyoo. Nimewasema mpaka nimechoka.
*Matroni, Kibondo*

Jibu. Pole na kazi, matroni. Wanavificha kwa sababu kamba ya kuanikia iko mahali ambapo wavulana na walimu wa kiume wanapita. Tafuta sehemu ya nyuma ya bweni inayopata jua, izungushie makuti au turubai kufikia mabega, weka kamba mbili. Kitambaa kifuliwe kwanza kwa maji baridi, maana ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi, kisha kwa sabuni, kisha jua mpaka kikauke kabisa. Kinachokaushwa chini ya godoro hubaki na unyevu, na ndicho kinacholeta muwasho na harufu ambavyo wasichana hudhani ni sehemu ya hedhi yenyewe. Pedi au kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama damu ni kidogo.

Vyoo vinaziba kwa sababu hakuna pa kutupa. Weka ndoo yenye kifuniko ndani ya kila tundu, si nje, na wapangwe wawili wa kuimwaga kwenye shimo la kuchomea kila jioni wakiwa na glovu. Na hesabu matundu yenyewe: mwongozo wa vyoo vya shule nchini unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, angalau moja la wasichana likiwa na maji ndani na mlango unaofungwa kwa ndani. Komeo la mlangoni ni kitu cha bei ndogo, na likikosekana msichana anabaki na pedi moja tangu asubuhi mpaka jioni.

Wavulana nao wafundishwe, kipindi kimoja kizima. Kicheko kinapungua sana wanapoelewa kinachotokea.

Swali. Shikamooni walimu. Niko Kidato cha Tatu. Tulipofika mada ya uzazi mwalimu alisema tusome wenyewe kitabuni. Tuna maswali lakini tunaogopa, ukiuliza wanakuita jina. Je, mtu wa umri wangu anaruhusiwa kupima VVU bila kwenda na mzazi?
*Mwanafunzi, Ujiji*

Jibu. Marahaba mwanetu. Ndiyo, ukishatimiza miaka 15. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na kituo cha afya kinapaswa kukupokea. Kama mtu amefanyiwa ukatili wa kingono, asisubiri: dawa za kuzuia maambukizi zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Mengine tunamwambia mwalimu wako na wenzake. Aibu ya mwalimu inaeleweka. Wengine wanafundisha watoto wa jirani zao, na katika mji kama Ujiji neno la darasani linafika msikitini na sokoni kabla ya jua kuzama. Kuiruka mada kunamwachia mwanafunzi simu ya rafiki yake imfundishe. Njia inayofanya kazi ni sanduku la maswali, ila liendeshwe sawasawa.

Sanduku likiwekwa tu nje ya ofisi litabaki tupu, maana anayelisogelea anaonekana. Gawa karatasi za ukubwa mmoja kwa darasa zima, kila mtu aandike, na asiye na swali aandike sentensi yoyote kutoka daftarini. Kalamu ziwe za rangi moja. Kusanya, nenda nazo nyumbani, usizisome papo hapo. Zitenge mafungu matatu. La kwanza ni maswali ya ukweli: msichana anaweza kupata mimba mara ya kwanza? Ndiyo. Kunawa au kukojoa baada ya tendo kunazuia mimba? Hapana. La pili ni ya kujaribu mwalimu, yenye maneno ya mtaani. Yajibu pia, kwa maneno ya kitabuni na kwa sura ile ile, nayo yatapungua. La tatu ni yale yanayoonyesha mtu anaumizwa. Hayo hayasomwi darasani. Sema mbele ya wote kwamba mwenye jambo zito anaweza kumwona mwalimu wa malezi au muuguzi, taja siku na saa, na usiahidi siri ya moja kwa moja: mtoto anayedhurika lazima asaidiwe kupitia ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Jibu maswali kumi kwa kipindi cha dakika 40, si zaidi. Waeleze pia wanafunzi kwamba tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Wengi bado hawajui, na wazazi wao hawajui.

Swali. Kila mwaka tunamwalika mhudumu wa afya azungumze na shule nzima mstarini. Kuna faida?
*Mkuu wa shule, Kigoma Mjini*

Jibu. Ndogo. Wanafunzi 600 kwenye jua kwa saa mbili watakumbuka jua. Mgeni huyo huyo, kwa saa hizo hizo mbili, apewe madarasa matatu mfululizo ya dakika 40, na siku tatu kabla atumiwe maswali kutoka kwenye sanduku. Aje na vitu vya kushika: kipimo cha haraka cha malaria, pakiti ya dawa ya kuhara, chandarua. Mwalimu wa somo abaki ndani ya darasa, asiende kusahihisha madaftari, kwa sababu kesho yake ndiye atakayeulizwa yaliyobaki.

Swali. Binti yangu wa miaka 13 ameleta taarifa ya chanjo ya mlango wa kizazi. Hapa kwetu wanasema inafunga uzazi. Shule inanifichia nini?
*Mzazi, Buhigwe*

Jibu. Mama, haifungi uzazi. Inamkinga na virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na saratani hiyo inaongoza kwa wanawake wa Tanzania. Hutolewa kabla msichana hajakutana na virusi hivyo, ndiyo maana inakuja akiwa mdogo. Wala hana anachotuhumiwa. Chanjo ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 inatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine homa ndogo. Wasichana wengine huzimia kwa hofu ya sindano, kwa hiyo ale asubuhi na akae dakika 15 baada ya kuchomwa. Akiwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa.

Kwa shule: swali la mama huyu lilipaswa kujibiwa kwenye kikao cha wazazi kabla taarifa haijatumwa. Karatasi iliyofika peke yake nyumbani ndiyo iliyozaa uvumi. Mwiteni muuguzi kikaoni, na awepo mtu wa kutafsiri Kiha kwa wazee.

Swali. Tutajuaje kama elimu ya afya tunayotoa inafanya kazi? Mtihani wa klabu ya afya wote wanapata zaidi ya 80.
*Mlezi wa klabu ya afya, Kakonko*

Jibu. Mtihani uacheni, hesabuni vitu. Fungueni daftari la safu nne: gramu za sabuni zilizotumika wiki hii, vidumu vilivyokutwa na maji saa nne asubuhi, siku ambazo wasichana wamekosa shule kwa ajili ya hedhi (matroni au mwalimu wa kike aandike idadi tu, bila majina), na vyandarua vilivyoshushwa saa tatu usiku kwa bweni zima. Hicho cha mwisho kihesabiwe usiku kweli, bila taarifa. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, na kwenye vitanda vya ghorofa anayelala juu mara nyingi hana pa kufungia chandarua. Piga waya kutoka ukuta hadi ukuta juu ya vitanda, na chandarua cha anayelala chini kifungwe kwenye chaga za kitanda cha juu. Kingo zote zichomekwe chini ya godoro.

Anzeni wiki ya pili ya muhula, wanafunzi wakiwa wametulia, na hesabuni siku ile ile kila wiki. Sabuni ikishuka ghafla, msiwaite wanafunzi kwanza. Angalieni kama imenunuliwa.